Robo saa ya baskeli kwa mama mwenye kazi

Mama mwenye kazi na watoto watatu, ukingojea upate saa ya kupumzika ndio uende baskeli, mipira yake itaoza ukutani. Mimi muda wangu nimeupata njiani. Nnakaa Bububu, hapa Unguja, nnauza kwenye duka la dawa Darajani, mjini. Ile reli ya zamani ya mwaka 1905, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ilikuwa maili 7, na safari yangu inakaribia hapo. Kwa baskeli nnatumia dakika 45. Kwa gari, ukihesabu kungojea kituoni na kuteremsha watu Mtoni na Kinazini, ilikuwa nusu saa. Basi kilichobaki cha kutafuta ni robo saa.

Hiyo naitoa usiku. Kabla sijalala, sare za skuli zimeshapigwa pasi, unga wa chapati umeshakandwa, mipira imeshatiwa upepo. Pancha ukiikuta alfajiri, safari ya siku hiyo imekwisha.

Halafu kaeni mpangiane siku. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi baba watoto ndiye anayeshughulika nao asubuhi, na siku hizo ni zangu. Mwanzo nilitaka siku sita. Wiki ya pili tukagombana, na haki ilikuwa yake.

Sasa nguo, maana hapa ndipo wanawake wengi wanapoiacha baskeli. Tafuta ya kike, isiyo na bomba la juu, umwambie fundi akufungie kifuniko cha mnyororo. Mimi yangu haikuwa nacho. Siku moja pale Maruhubi mnyororo ukalivuta pindo la baibui, gurudumu likakaza, nikaangukia ukingoni mwa barabara na gari inanipita ubavuni. Tangu siku ile navaa suruali ndani, pindo nalikusanya upande wa kushoto, kwa sababu mnyororo uko kulia, nalifunga fundo kwa mpira wa nywele. Baibui safi na kanga ya kujifutia jasho vinakaa kazini.

Upepo nao uujue. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, Juni hadi Septemba, unakupiga usoni ukielekea mjini, kwa hiyo natoka dakika kumi mapema; jioni unanisukuma kurudi. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia, mambo yanageuka. Masika baskeli naiweka ndani kabisa, barabara inajaa maji na mashimo huyaoni. Ramadhani pia, jioni jikoni panataka mikono yangu.

Nikirudi, napitia chuoni, kwenye masomo ya Kurani, kumchukua mtoto wangu mdogo. Nimemfundisha akikaa kwenye karia aipanue miguu isiingie kwenye spoku, anishike kiuno kwa mikono miwili. Haachii. Ananisomea sura aliyopewa siku hiyo, taratibu, mpaka tunafika mlangoni.