Umeshonwa, sasa uko nyumbani: kutunza nyuzi na kujua siku ya kuzitoa

Mimi ni muuguzi wa chumba cha vidonda. Wengi ninaowahudumia wameanguka na bodaboda, wamejikata na panga shambani, au ni akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Kushona hakuchukui muda. Kazi kubwa ni siku zinazofuata, na kazi hiyo ni yako.

Hatua ya 1: Usiondoke kabla hujauliza

Uliza hivi: "Nyuzi hizi zinatolewa au zinayeyuka zenyewe? Kama zinatolewa, nirudi lini?" Omba tarehe iandikwe kwenye kadi au daftari lako. Usibahatishe kwa kuangalia rangi ya uzi, maana kidonda kimoja kinaweza kuwa na nyuzi za kuyeyuka ndani na za nailoni juu. Za msamba baada ya kujifungua, na za tohara, kwa kawaida huyeyuka.

Ulizia pia sindano ya pepopunda. Kama kidonda kilikuwa na udongo au kutu, na sindano yako ya mwisho imepita miaka 5 au huikumbuki kabisa, sema hapohapo.

Hatua ya 2: Siku mbili za kwanza, kiache

Bandeji ibaki mahali pake, kavu, kwa saa 24 hadi 48. Ndani ya muda huo ngozi ya juu inakuwa inajiziba, na kila ukifunua kuchungulia unaisumbua. Kama umeshonwa mguu, ulale umeuinua juu ya mito ili uvimbe upungue. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha watu wengi.

Damu ikitoka, weka kitambaa safi ubonyeze kwa dakika 10 mfululizo. Mfululizo maana yake usiinue kuangalia. Isipokoma, rudi ulikoshonewa.

Hatua ya 3: Kusafisha

Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Chemsha nusu lita ya maji pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, funika, yapoe. Chovya gozi au kitambaa safi kilichopigwa pasi, pitisha taratibu juu ya mstari wa nyuzi, kisha kausha kwa kugusagusa, bila kusugua. Gamba lililoshika usilibandue. Bandeji ikiwa imegandia kwenye kidonda, ilowanishe kwa maji hayohayo mpaka iachie.

Baada ya siku mbili unaweza kuoga kwa maji ya kumwagia, ukikausha mara moja. Beseni la kukaa ndani, bwawa na bahari vingoje. Ndiyo, hata bahari. Chumvi yake haiji peke yake.

Sasa yale ya kutopaka. Spiriti na haidrojeni peroksaidi, ukizitumia kila siku, zinaumiza chembe changa zinazofunga kidonda. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya breki sina haja ya kuvieleza. Ila kuna jambo ninalokutana nalo sana: kufungua kapsuli ya antibayotiki na kunyunyizia unga wake juu ya nyuzi. Unga ule ukichanganyika na majimaji unaganda, na chini ya ganda hilo usaha unaweza kujikusanya bila wewe kuuona. Kapsuli ulizoandikiwa zimezwe, tena mpaka dozi iishe. Kama hukuandikiwa, usinunue kwa kujishauri mwenyewe, kwa sababu si kila kidonda kilichoshonwa kinahitaji antibayotiki.

Mama uliyejifungua kwa upasuaji, hapa nazungumza na wewe na aliyekuja kukuuguza. Kukandwa tumbo kwa maji ya moto na kufungwa mkaja juu ya mshono kunaweza kuunguza ngozi, kuilowesha na kuuvuta mshono. Najua kumkatalia mama mkwe si rahisi. Tumia jina langu: "Mama, nesi amekataza tumbo, naomba unikande mabega." Wengi hukubali wakiambiwa hivyo.

Chakula usikatazwe. Mayai, maharage, samaki na dagaa ndivyo vinavyojenga nyama mpya. Sigara ndiyo ya kuacha.

Hatua ya 4: Kila siku, kiguse

Vipeperushi vingi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, ukasubiri dalili ambayo haitakuja. Tumia mgongo wa mkono: gusa pembeni mwa kidonda, kisha gusa sehemu ileile upande wa pili wa mwili. Joto likizidi upande wa kidonda, ngozi ikiwa ngumu, inang'aa au imezidi kuwa nyeusi kuzunguka nyuzi, hiyo ni dalili.

Maumivu nayo yana mwendo wake. Yanatakiwa yapungue siku hadi siku. Yakipungua halafu siku ya nne au ya tano yakarudi kwa nguvu, usingoje tarehe ya kadi. Majimaji mepesi kidogo siku za mwanzo hayatishi. Yakiwa mazito, ya njano au kijani, au yananuka, ni usaha. Nenda siku hiyohiyo pia ukipata homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, ganzi kwenye vidole, au kidonda kikiachia. Taya likikaza ni dharura. Mshono wa tumbo ukifunguka mpaka vya ndani vikaonekana, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu, usirudishe kitu ndani, kimbia hospitali.

Hatua ya 5: Siku ya kutoa

Inategemea mahali ulipoumia. Uso una damu nyingi na hupona haraka. Mguu ni wa mwisho.

- Uso: siku 3 hadi 5
- Kichwa, mikono, kifua na tumbo: siku 7 hadi 10
- Mgongo, miguu, viganja, nyayo, na juu ya viungo kama goti: siku 10 hadi 14

Tarehe ya kadi ndiyo inayotawala, kwa sababu aliyekushona aliona kina cha kidonda. Mwenye kisukari, au anayetumia dawa za steroidi, anaweza kuongezewa siku. Lakini usijiongezee mwenyewe. Nyuzi zikikaa mno, ngozi inaota kuzizunguka, na kovu linabaki na vijiti pembeni kama reli. Usoni hilo linauma zaidi ya kidonda chenyewe.

Hatua ya 6: Zinavyotolewa

Njoo kituoni. Tunasafisha, tunashika fundo kwa kibano, tunalinyanyua kidogo, tunakata uzi upande mmoja chini ya fundo karibu kabisa na ngozi, kisha tunavuta. Uzi uliokaa nje haupitishwi ndani, kwani umebeba uchafu. Tunaanza na nyuzi za kupishana: moja inatoka, inayofuata inabaki. Kidonda kikionyesha kuachia, tunasimama, na zilizobaki hupewa siku zaidi. Uamuzi huo ndio sababu sipendi watu wajitolee nyuzi kwa wembe nyumbani, hata pale mkono unapokuwa mwepesi.

Huuma kama kung'olewa unywele. Watoto hulia kwa kuogopa mkasi.

Zikishatoka, ngozi mpya haina hata robo ya nguvu yake ya zamani. Ndoo kichwani, jembe na mpira wa miguu visubiri wiki kadhaa. Aliyepasuliwa tumbo asibebe kitu kizito zaidi ya mtoto wake kwa wiki 6, na aliyetahiriwa aepuke tendo la ndoa kwa muda huohuo. Likinge kovu na jua. Kama limeanza kuvimba, kuwasha na kutambaa nje ya mpaka wa kidonda, hasa kifuani, begani au sikioni, huenda ni keloidi: nenda kwa daktari wa ngozi lingali dogo, na usikubali likatwe tu bila matibabu mengine, maana likikatwa peke yake mara nyingi hurudi kubwa zaidi.