Usitoe changarawe yote ya akwariamu kwa siku moja

Simu ninazopigiwa na wanaofuga samaki kwenye akwariamu, yaani tangi la kioo, zinafanana kama mapacha. "Nimewawekea kambare wangu mchanga laini kama ulivyosema, siku ya tatu nimeokota wawili wamekufa. Huu mchanga una sumu?" Nauliza swali moja tu: changarawe ya zamani uliitoa kwa siku ngapi? Jibu huwa lile lile. Ilitolewa yote mchana mmoja, kioo kikasuguliwa, sponji ya chujio ikakamuliwa chini ya bomba, na jioni samaki wakarudishwa kwenye tangi linalong'aa.

Mchanga hauna kosa. Ulichotupa na ile changarawe ndicho kilichokuwa kikiwaweka hai.

Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, kila wakati, nyingi kupitia matamvua, na mabaki ya chakula huongeza nyingine. Juu ya kila chembe ya changarawe kuna utando wa bakteria wasioonekana kwa macho. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitraiti, jingine hugeuza nitraiti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa unabadilisha maji. Utando huo huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye tangi jipya. Ukitoa changarawe yote na ukaosha sponji, umeanzisha tangi jipya, ila hili tayari lina samaki ndani. Amonia hupanda kimyakimya, na maji yakiwa ya vuguvugu na yenye alkali nyingi, huua upesi zaidi.

Najua utaniambia bakteria wengi wako kwenye chujio. Kweli, na mwenye chujio kubwa anaweza kuponea hapo. Lakini chujio dogo linalotosha kwa shida haliwezi kubeba mzigo wote ghafla. Na wewe hata hilo uliliosha! Sponji isiguswe wiki mbili kabla ya kazi, isiguswe wakati wa kazi, isiguswe wiki mbili baada ya kazi. Ikiziba kabisa, ikamulie kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini humo. Maji ya bomba yenye klorini huua bakteria, na kloramini, mchanganyiko wa klorini na amonia, haiondoki kwa kulaza maji usiku kucha kama klorini. Lazima utumie dawa ya kuiondoa.

Basi fanya hivi. Gawanya sakafu ya tangi sehemu nne, utoe changarawe ya sehemu moja kila wiki na uweke mchanga mahali pake. Kwa tangi la sentimita 60 kwa 30, kila sehemu ina upana wa sentimita 15. Siku saba ni siku saba, si nne kwa sababu wageni wanakuja. Simamisha kipande cha plastiki chenye kimo cha sentimita 6 au 7 mpakani, la sivyo changarawe itaporomokea kwenye mchanga na utaokota chembe moja moja hadi uchoke.

Siku moja kabla, usiwalishe. Siku yenyewe zima hita, kile kifaa cha kupasha maji joto, na usubiri dakika 30 kabla ya kupunguza maji, kwa sababu kioo cha hita kikitoka majini kingali cha moto hupasuka. Kisha vuta robo ya maji, huku mdomo wa mpira wa kuvutia maji ukiwa umezama ndani ya changarawe unayokusudia kuitoa. Hatua hii wengi huiruka, halafu wakichota changarawe, kinyesi cha miezi mingi hutimka kama vumbi la barabarani na samaki wanavuta hiyo hewa chafu yao. Fyonza uchafu kwanza, ndipo uchote. Chujio lisikae limezimwa zaidi ya saa moja, maana bakteria nao wanahitaji oksijeni.

Lita moja ya changarawe uliyotoa itie kwenye mfuko wa wavu ingali mbichi, uning'inize karibu na chujio kwa wiki 4. Bakteria wake watahamia mchangani taratibu.

Baada ya kila sehemu, pima amonia na nitraiti kila siku kwa siku tano. Vyote viwe 0. Ukiona miligramu 0.25 kwa lita, simama hapo hapo: badilisha theluthi ya maji kwa maji yenye joto lile lile, punguza chakula kwa nusu, na usiguse sehemu inayofuata mpaka upate 0 kwa siku saba mfululizo. Asiye na vipimo asianze kazi hii.

Kiasi cha mchanga nacho watu hukisia. Piga hesabu kwa kina cha sentimita 4: 60 mara 30 mara 4 ni sentimita za ujazo 7,200, yaani lita 7.2. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, hivyo kilo 11 zinatosha. Kina kiwe sentimita 3 hadi 5. Ukizidisha, hewa haifiki chini, mchanga hufanya mabaka meusi na siku ukiuchokoa hutoa harufu ya mayai viza. Upitishe kijiti kila wiki. Wanaoruhusiwa kina kikubwa zaidi kidogo ni samaki wachimbaji kama Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika, wanaoishi ndani ya makombe ya konokono na kuugeuza mchanga wenyewe. Kwa hao, mawe yote yakae juu ya kioo cha chini, si juu ya mchanga, maana watayachimbua na yatawaangukia.

Chembe ziwe chini ya milimita moja na zisiwe na ncha. Sugua mchanga upande wa ndani wa kiganja. Ukikukwaruza wewe, fikiria sharubu za samaki. Mtazame Corydoras, kambare mdogo wa akwariamu, akila: huzamisha uso mpaka machoni, hujaza mdomo, kisha mchanga unamtoka kwenye matamvua kama unga unaopita kwenye chekecheke, chakula kikabaki. Juu ya changarawe hawezi. Chakula hudumbukia katikati ya mawe na kuoza, naye anasugua sharubu juu ya uozo huo mpaka zinabaki vishina. Kama shina halijaliwa lote, huota tena.

Dondoshea siki kwenye mchanga mkavu. Ukitoa povu una chokaa na utafanya maji kuwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Huo wafaa samaki wa Tanganyika, si Corydoras. Osha theluthi ya ndoo kwa wakati mmoja mpaka maji yatoke safi, hata kama ni mara 15, bila sabuni. Uingize ukiwa umelowa, kikombe kikizamishwa hadi chini ndipo ukiinamishe, chujio likiwa limezimwa. Mimi niliwahi kumwaga kutoka juu pampu ikizunguka, na ile sauti ya kusaga naikumbuka mpaka leo. Pampu ilikufa siku hiyo hiyo. Mdomo wa chujio uinue sentimita 8 juu ya mchanga. Kama chujio lako ni la kulala chini ya changarawe, mchanga utaliziba: weka chujio jingine lifanye kazi pamoja nalo kwa wiki 6 kwanza.

Kambare wakichimba kutwa na sharubu zikirefuka, umefaulu.

Kwa wewe uliyekwisha kutoa yote jana: kama changarawe ingali na unyevu ndooni, itie kwenye mfuko wa wavu na uirudishe majini sasa hivi. Kama imekauka, bakteria wamekufa. Badilisha theluthi ya maji kila siku, walishe kidogo siku moja na uache siku moja, na umwombe mtu mwenye tangi la miaka mingi, lisilo na ugonjwa, akupe kipande cha sponji yake. Kibebe ndani ya maji ya tangi lake. Usikioshe.