Somo: Kulinda magoti unaposhuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka

Wagumu wenzangu, yaani wapagazi wa mlima, magoti mengi yanaharibika siku za kushuka. Mpagazi anayetoka kambi ya Barafu, mita 4,670 hivi, mpaka lango la Mweka anashuka karibu mita elfu tatu, na mara nyingi anakimbia ili ayafikie makambi kabla ya wageni.

Unapopanda, msuli wa mbele ya paja unajikunja na kukusukuma juu. Unaposhuka, msuli huohuo unarefuka huku umekaza: ndiyo breki yako. Ukichoka, pia ya goti, kile kifupa cha mbele, inagandamizwa kwenye mfupa wa paja kila unapokanyaga. Ndiyo maana maumivu huanzia mbele, na kesho yake hata kuchuchumaa ni kazi.

1. Zoeza breki kabla ya msimu. Hatua hii naisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja. Shusha kisigino cha mguu wa pili taratibu ukihesabu hadi nne, kiguse chini bila kukiegemea, kisha jiinue. Goti lielekee kwenye vidole, lisiingie ndani. Fanya mara kumi kila mguu, raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Masika, Aprili na Mei, kazi zikiwa chache, ndiyo wakati wake.

2. Mzigo. Kikomo ni kilo 20. Siku ya kushuka chakula kimepungua, lakini msikubali mizigo iunganishwe ili wachache wabebe zaidi.

3. Hatua fupi. Goti lisinyooke kabisa unapotua. Kwenye ngazi za magogo msituni usiruke. Tope likiwepo, shuka kimshazari. Fimbo irefushe sentimita 5 hadi 10, na itangulie chini kabla ya mguu. Ukibeba kichwani, fimbo moja inatosha.

4. Viatu. Pale Memorial, soko la mitumba Moshi, usichague kwa sura. Angalia meno ya soli, na vidole vipate nafasi mbele.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi naumwa upande wa nje wa goti.*
Hapo kuna utepe mgumu unaotoka nyongani na kupita nje ya paja mpaka chini ya goti. Unachokozwa na kukunja goti mara nyingi mno. Pumzika safari moja, halafu imarisha nyonga: lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, ushushe polepole.

*Kaka, nameza diklofenaki kila asubuhi ya kushuka. Kuna ubaya?*
Upo, dada yangu. Ukiwa umepungukiwa maji, dawa hiyo inaweza kuumiza figo, na huleta vidonda vya tumbo. Tena inaficha maumivu, ukaendelea kukimbilia goti lililoumia. Ukifika nyumbani, weka kitambaa cha maji baridi dakika 15 na uinue miguu.

*Soksi ya goti je?*
Inakupa utulivu kidogo. Haichukui nafasi ya mazoezi.

*Niende hospitali lini?*
Goti likivimba ndani ya saa chache, likikwama, likikuachia ghafla, au ukishindwa kulikanyagia, usikubali safari nyingine. Hospitali ya KCMC, Moshi, wapo madaktari wa mifupa na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Likiwa la moto na una homa, nenda siku hiyohiyo.