Ahidi meseji, usiahidi mauzo: cha kukubaliana na mteja kabla tangazo halijaanza kulipiwa

Ugomvi mwingi kati ya anayeendesha matangazo na mwenye biashara huanza siku ya kwanza: mmoja anahesabu watu waliofikiwa, mwingine anahesabu hela iliyoingia kwenye lipa namba, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Dawa yake ni mazungumzo ya saa moja na karatasi moja, kabla shilingi haijatoka.

Tuchukue fundi wa sofa wa Keko, Dar es Salaam, anayetaka matangazo ya Facebook na Instagram yanayomfungulia mtu WhatsApp. Bajeti ni shilingi 600,000 kwa wiki nne. Seti anauza 900,000, na akishatoa mbao, sponji, kitambaa na ufundi anabaki na 200,000. Hizi ni namba za mfano. Zako zitoke kwenye akaunti ya mteja mwenyewe au, kama hajawahi kutangaza, kwenye jaribio dogo la siku 7.

Anza na faida. Muulize anabaki na shilingi ngapi kwa seti moja. Wengi watakutajia bei ya kuuzia, kwa hiyo rudia swali. Kisha piga gharama yote: matangazo 600,000, VAT ya 18% ikiongezwa juu yake 108,000, na ada yako, tuseme 300,000. Jumla 1,008,000. Gawanya kwa 200,000, unapata tano na kidogo: lazima ziuzwe seti 6 ndipo hela yake irudi. Ukipiga hesabu hiyohiyo kwa muuza hereni anayebaki na 5,000 kwa jozi, itabidi auze jozi 202. Kazi ya namna hiyo punguza bajeti na ada, au ikatae mapema. Kuipokea ni kununua lawama.

Sasa gawaneni majukumu. Kuanzia mtu anapoliona tangazo mpaka meseji inapoingia WhatsApp, ni kazi yako. Kuanzia meseji kuingia mpaka malipo, ni kazi yake: kujibu, bei, mzigo, usafiri. Unachoahidi kiishie kwenye mpaka huo, na ukiseme kwa kiwango cha chini na cha juu, kamwe usitaje namba moja. Meseji moja ikigharimu kati ya 1,000 na 2,000, bajeti italeta meseji 300 hadi 600. Kama robo yao wanauliza kwa nia ya kununua, hao ni 75 hadi 150. Kama mmoja kati ya kumi wa hao analipa, ni seti 7 hadi 15. Mwoneshe kwamba ile 7 iko hatua moja tu juu ya 6. Akikubali kuendelea baada ya kuiona hiyo, atakuwa amekubali kwa macho mawili.

Akikuuliza, "Unanihakikishia sofa ngapi?" mjibu moja kwa moja: "Bosi, nakuahidi meseji kati ya 300 na 600. Sofa zinategemea bei yako na kasi ya kujibu. Tutazihesabu pamoja kila Jumatatu." Usiseme "inategemea" halafu ukanyamaza. Atajijazia namba yake mwenyewe, na itakuwa kubwa.

Suala la muda ndilo linaloharibu kampeni nyingi. Mfumo wa Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, hupitia kipindi cha kujifunza nani wa kumwonesha tangazo, na huhitaji takriban matokeo 50 (hapa ni meseji) ndani ya siku 7 kwa kila seti ya matangazo, yaani kundi la matangazo lenye walengwa wake, ili gharama itulie. Bajeti yetu ni 150,000 kwa wiki. Kwa 1,500 kwa meseji hiyo ni meseji 100. Kwa hiyo seti mbili za matangazo ndiyo mwisho. Ukifungua tano kwa sababu mteja anataka Dar, Mwanza, Arusha, Dodoma na Mbeya kila moja kivyake, zote zitabaki zinajifunza na hela itaisha. Mabadiliko makubwa, kama kubadili picha, walengwa au kupandisha bajeti kwa kishindo, hurudisha kipindi hicho mwanzo. Mwambie kabla: siku 7 za kwanza hatugusi kitu, isipokuwa bei imekosewa au namba ya simu haifanyi kazi. Siku ya tatu atakupigia tu. Angalau atakuwa ameshaambiwa.

Mwandae pia kwa namba zisizolingana. Meta huhesabu mazungumzo yaliyoanza, na mtu aliyewahi kumwandikia fundi, akakaa kimya siku 7 au zaidi, akirudi kupitia tangazo naye huhesabiwa. Kwa upande mwingine, wapo wanaobonyeza, WhatsApp inafunguka, wasitume neno. Hao wamo kwenye mibonyezo lakini hawamo kwenye mazungumzo. Kubalianeni mapema hesabu ya nani itatumika. Rahisi ni lebo za WhatsApp Business, yaani alama za kubandika kwenye mazungumzo: kila anayetoka kwenye tangazo apewe lebo, na akilipa lebo ibadilishwe. Asiyeweka lebo hana ushahidi wa kulalamika, na wewe huna wa kujitetea.

Kwenye karatasi hakikisha yamo haya:

- Nani anajibu, saa ngapi mpaka saa ngapi, na ndani ya dakika ngapi. Dakika 15 mchana inawezekana. Simu ikibaki kwa mke wa bosi aliye sokoni, haiwezekani.
- Bei inatajwa kwenye jibu la kwanza. Anayeuliza bei akaambiwa "karibu ofisini" huondoka.
- Akaunti ya matangazo na kadi ni za mteja. Ada yako hulipwa mbali na hela ya matangazo.
- Kikomo: 150,000 zikitumika na gharama ya meseji moja bado inazidi 3,000, tunabadili picha na maneno. Wiki ya pili ikiisha hivyohivyo, tunasimamisha na salio linabaki kwake.

Ripoti ya Jumatatu iwe mistari minne: hela iliyotumika, meseji, wenye nia, waliolipa. Waliofikiwa na laiki viache nje, hata vikiwa vinapendeza, maana ukivisifia wiki nzuri atakudai navyo wiki mbaya. Habari mbaya itangulie na sababu yake: "Meseji 62, chini ya tulizotarajia. 21 zilichelewa kujibiwa kwa zaidi ya saa tatu. Naomba kijana mmoja ashike simu mpaka saa mbili usiku." Meseji zikiwa nyingi na malipo hakuna, soma mazungumzo 20 ya mwisho pamoja naye. Mara nyingi utakuta wote wameishia palepale: usafiri wa kwenda mkoani, malipo ya awali, au rangi iliyo kwenye picha ambayo dukani haipo. Hapo rekebisheni kilichowakwamisha kwanza. Kuongeza bajeti kusubiri.