Nani kaiamsha moduli? Kusoma chanzo cha mwamko kwenye transiva ya CAN TJA1043

Gari limezimwa, moduli (kompyuta ndogo za gari) zimelala, halafu moja inaamka. Pini ya INH ya transiva, yaani chipu inayounganisha moduli na mtandao wa CAN, inapanda hadi volti ya betri, regyuleta inawaka, mikrokontrola inaanza upya bila kukumbuka chochote. Je, ni swichi ya mlango kwenye pini ya WAKE, au ni mawimbi ya CANH na CANL, waya mbili za mtandao? Jibu analo transiva peke yake, na hulitoa kwa pini ya ERR_N. Ukikosea mpangilio wa kusoma, limepotea.

Kwanza, usiwashe bado kidhibiti cha CAN, sehemu inayotuma na kupokea ujumbe kupitia transiva. Weka TXD, pini ya data ya kutuma, juu na iache hapo.

1. Pandisha STB_N, EN ibaki chini (pini hizi mbili huchagua hali ya transiva): hii ni hali ya kusikiliza tu. Subiri kama mikrosekunde 50, soma ERR_N. Ikiwa chini, betri ndiyo kwanza imeunganishwa. Usitafute chanzo, maana bendera yake (alama ya ndani ya transiva) haiwezi kuwekwa kabla ile ya kuunganishwa umeme haijafutwa.
2. Pandisha EN uingie hali ya kawaida. Subiri tena, soma ERR_N. Chini ni WAKE. Juu ni mtandao. Hifadhi jibu.
3. Sasa washa kidhibiti.

Wengi huharibu hatua ya 3 kwa kuifanya mapema. Baada ya TXD kutoka chini kwenda juu mara ya nne, ERR_N hubadili kazi na kuanza kuonyesha hitilafu za laini. Utasema hujatuma ujumbe wowote. Sawa, lakini kidhibiti hukiri kila fremu (ujumbe mmoja wa mtandao) kinayoipokea, na kila ukiri ni mpigo mmoja kwenye TXD. Kwa kilobiti 500 kwa sekunde, fremu ya baiti 8 huchukua takriban robo ya milisekunde. Kwenye mtandao wenye shughuli, milisekunde moja inatosha kupoteza jibu. Laini zikiwa nzima ERR_N iko juu, kwa hiyo programu itaandika "mtandao" hata mlango ulipofunguliwa. Kutoka hali ya kawaida kisha kurudi nako hufuta bendera.

Rekodi ikijaa "WAKE" bila mtu kugusa gari, kagua waya. Pini hiyo huitikia kupanda na kushuka kwa volti, hivyo kufungua mlango na kuufunga ni matukio mawili. Isiyotumika iunganishe na GND (ardhi) au VBAT (betri). Ikiachwa wazi huokota kelele.

Kwenye LIN, mtandao wa gari wa waya mmoja, kwa transiva ya TJA1021, mpangilio umegeuka: soma TXD ukiwa bado katika hali ya kusubiri, pini ya mikrokontrola ikiwa ingizo lenye rizista ya kuvuta juu. Ikivutwa chini kwa nguvu, mwamko ni wa pini ya WAKE_N. Kwa udhaifu, ni wa laini ya LIN. Ukipandisha SLP_N, pini inayoitoa transiva kwenye hali ya kusubiri, kabla ya kusoma, umeshalifuta jibu.