Jipime mbele za Mungu kabla ya kulala

Tenga dakika 10, simu ikiwa mbali. Soma Zaburi 139:1-4 taratibu, kisha ipitie siku yako tangu asubuhi, ukisimama hasa pale ambapo hakuna mtu aliyekuona: ulichofungua kwenye simu, hesabu uliyoipunguza, ulivyomsema asiyekuwepo. Kila kosa litaje kwa jina lake. Wengi hukwama hapa; husema tu "nisamehe dhambi zangu zote", na kesho hurudia lilelile kwa kuwa hawakulitazama. Uliyemkosea mtafute, mpatane (Mathayo 5:23-24). Hofu ikikukaba kana kwamba Mungu anakuvizia, rudi Zaburi 139, mstari wa 10: anayekuona popote ndiye anayekushika mkono. Mistari ya 23 na 24 ya zaburi hiyohiyo iombe kwa sauti, ndipo ulale.