Somo: Ramani ya simu isikugeuze njia panda

Juzi nimetoka Lindi na abiria wa Masasi. Kufika Mnazi Mmoja, njia panda ya Mtwara na Masasi, skrini inaonyesha barabara ya Masasi iko kushoto. Nikashika ya kushoto, kumbe naelekea Mtwara! Simu haikukosea. Nilikuwa nimeiacha kaskazini juu, yaani juu ya skrini ni kaskazini siku zote, na mimi naenda kusini, kwa hiyo kushoto kwa ramani ni kulia kwangu.

Natumia Google Maps:

1. Gusa alama ya mahali ulipo, ramani inakuweka katikati. Gusa tena, inageuka pamoja nawe.

2. Safari ikianza, gusa alama ya dira pembeni. Unachagua kaskazini juu au uendako juu. Ncha nyekundu ndiyo kaskazini. Barabarani mimi ni uendako juu tu. Kaskazini juu naitumia nyumbani, nikipanga safari.

3. Pima dira, hapa ndipo wengi tunapoumia. Ukiwa kwenye mwendo, GPS inajua uelekeo wako kwa jinsi unavyosogea. Ukisimama, simu inategemea dira yake ya ndani, nayo huvurugwa na sumaku, hata ya kishikio cha simu. Itoe kwenye kishikio, chora nane hewani mara kadhaa. Kisha simama nje ya msikiti wowote: Makka iko longitudo 39.8, Mtwara 40.2, Lindi 39.7, yaani kibla chetu, uelekeo wa Makka, ni kaskazini karibu kabisa. Ncha nyekundu ikitazama kwingine na si upande wa mihrabu (sehemu ya ukuta inayoonyesha kibla), rudia nane.

4. Pakua ramani ya eneo lote ukiwa na Wi-Fi.

MASWALI

Dereva bajaji, Ligula: Kaka, ramani ikizunguka napata kizunguzungu.
Jibu: Weka kaskazini juu, ila kata kona kwa sauti ya simu, si kwa kuangalia skrini. Sauti inataja kulia na kushoto kwako wewe.

Mama wa Mikindani: Mwanangu, bando likikata njiani?
Jibu: Shikamoo mama. Kama uliipakua, njia ya gari inaendelea. Utakosa taarifa za foleni na njia mbadala.

Muuza samaki, Shangani: Nikitoka stendi mshale unanionyesha nyuma.
Jibu: Umesimama, ndugu. Tembea hatua ishirini, ndipo uuamini.